Mzazi Akiwa Ndiye Mwalimu: Uchambuzi wa Masomo ya Nyumbani Katika Madarasa ya Mwanzo

Mtoto wa miaka saba akipewa hesabu ya 52 kutoa 27, si ajabu akajibu 35. Jibu hilo si la kubahatisha. Kwenye mamoja ameona kwamba 2 haiwezi kutolewa 7, akageuza na kutoa 2 katika 7, akapata 5. Kwenye makumi akatoa 2 katika 5, akapata 3. Mwalimu mwenye wanafunzi arobaini atatia alama ya kosa na kuendelea, kwa maana madaftari mengine yanamsubiri, lakini mzazi aliyeketi mezani na mtoto mmoja anaweza kumuuliza, "Umefanyaje hapa?", na kabla dakika haijaisha akatambua kwamba mtoto anajua kutoa, ila hajaelewa kukopa kumi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za wanaotetea kuwasomesha watoto nyumbani hadi darasa la tatu hivi.

Hoja hiyo huambatana na ile ya muda. Stadi za miaka hiyo ni kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto anayefundishwa peke yake hana foleni ya kusahihishiwa wala hasubiri wenzake watulie, hivyo kazi ya asubuhi nzima ya darasani inaweza kumalizika mapema na mwili mdogo ukarudi kucheza. Wala kuchelewa kuingia darasani si msiba: nchini Finland watoto huanza darasa la kwanza mwaka wanaotimiza miaka saba.

Hata hivyo, ukaribu uleule unaomwezesha mzazi kuona kosa unaweza pia kumfumba macho. Mtoto aliyesomewa hadithi moja mara kumi hufungua kitabu, hufuata mistari kwa kidole na kuitamka bila kukwama, na nyumba nzima hufurahi kwamba amejua kusoma. Funika picha ya paka, andika neno "kaka" kwenye karatasi, naye atasoma "paka". Mwalimu aliyepokea wanafunzi wapya miaka nenda miaka rudi anaujua mtego huo, na ana kipimo ambacho mzazi hana, yaani watoto wengine wa umri huohuo walioketi mbele yake. Mzazi wa mtoto mmoja anaweza kukaa miezi akidhani kwamba tatizo la macho au la usikivu ni uvivu.

Lipo pia suala la mamlaka. Mtoto aliyekaripiwa na mwalimu hurudi nyumbani kubembelezwa. Aliyekaripiwa na mama akiwa mwalimu hana pa kurudi, kwa sababu anayemfuta machozi ndiye aliyeyasababisha. Na nimesema mama kwa makusudi, kwani mara nyingi ndiye anayeacha kazi ya mshahara ili masomo hayo yawezekane, gharama ambayo watetezi huitaja kwa sauti ndogo. Kuhusu upweke, nadhani wapinzani hutia chumvi: marafiki hupatikana nje ya shule, ingawa ni kweli kwamba kuvumiliana na wenzako usiowachagua hujifunzwa vizuri zaidi darasani.

Sheria za nchi zimegawanyika vilevile. Ujerumani hulazimisha mahudhurio shuleni, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa shauri la wazazi waliopinga sharti hilo. Ufaransa, ambako zamani taarifa ya mzazi ilitosha, imedai kibali tangu mwaka 2022. Nchini Marekani masomo ya nyumbani yanaruhusiwa katika majimbo yote 50, lakini baadhi hudai tathmini ya mara kwa mara ilhali mengine hayadai hata taarifa. Kila upande hunukuu Ibara ya 26 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kwa kuwa ibara hiyohiyo inasema elimu ya msingi ni ya lazima na pia kwamba wazazi wana haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao.

Takwimu za ufaulu hazimalizi ubishi huo, kwa sababu tafiti nyingi hutegemea familia zilizojitolea kupimwa, nazo aghalabu ni zile zinazoamini kwamba zimefaulu. Wala mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, si kipimo cha haki; kilichofanyika wakati huo kilikuwa shule iliyohamishiwa nyumbani kwa dharura, mikononi mwa wazazi ambao hawakuichagua.

Kwa hiyo sioni sababu ya kumkataza mzazi mwenye muda na subira, lakini sikubali afundishe bila jicho la mtu wa tatu. Nchini Finland, ambako masomo ya nyumbani yanaruhusiwa, manispaa hutakiwa kufuatilia maendeleo ya mtoto. Ufuatiliaji wa namna hiyo hauhitaji mtihani mkubwa: mwalimu asiye wa familia aje mara mbili kwa mwaka, amsikilize mtoto akisoma ukurasa ambao hajawahi kuuona, ampe hesabu ya kutoa yenye kukopa, kisha amwombe aeleze amefanyaje, huku mzazi akisubiri chumba cha pili.