Liang Mbili za Huanglian

Bwenini kwetu Chengdu, jimboni Sichuan, China, ukikutwa na jiko la umeme chumbani unaandikwa jina, na jiko linakwenda na maji. Sasa dawa za mitishamba za Kichina nyingi ni za kuchemsha, na mimi ndizo nilizofuata huko Sichuan. Nikapiga bongo, nikaona nizitoe nguvu kwa pombe. Pombe haitaki moto. Hesabu yake mwalimu alishatupa: gramu 100 za dawa kavu kwa mililita 500 za pombe ya asilimia 60, ifungwe, ikae gizani wiki mbili, itikiswe kila siku, ichujwe. Basi.

Nikachagua huanglian, vijimizizi vya njano vilivyojikunja kama mguu wa kuku, dawa yao ya tangu enzi kwa tumbo la kuendesha. Nikaenda soko la Hehuachi, ambako magunia ya dawa yamepangwa kama ya mchele Tandale.

Balaa lilianzia kwenye mizani. Wachina wana jin, ambayo ni nusu kilo, na liang, ambayo ni gramu 50. Nilitaka liang mbili tu. Lakini na neno "mbili", ukiwa unahesabu vitu, nalo ni liang! Kusema "liang liang" mbele ya watu nikaona haya, ningeonekana naimba. Kwa hiyo nikasema kwa kujiamini: "Liang jin!"

Mama muuzaji akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikaitikia kwa kichwa kama mzee wa soko. Akapima kilo nzima.

Huanglian si bei ya mchicha. Nililipa pesa ya chakula cha wiki tatu kwa sababu kurudisha kungehitaji Kichina zaidi, na Kichina changu chote nilikuwa nimekimaliza pale pale.

Kilo moja inataka lita tano. Nikanunua baijiu, pombe yao kali ya mtama, dukani wanakoichota kwa kata kutoka kwenye mitungi. Nikaingia nayo bwenini ndani ya dumu kama mtu aliyetoka kununua mafuta ya taa.

Mwenzangu wa chumba alikuwa mtu wa Unguja, swala tano, tukimwita Ustadhi. Akalitazama dumu, akanitazama mimi. "Yakhe, likae upande wako. Mimi na dumu hilo hatujuani." Akachora mstari wa chaki sakafuni. Nikaapa halitavuka.

Wiki mbili nikatikisa. Siku ya kuchuja ikaangukia Alhamisi usiku, na hapo nikagundua kosa jingine: nilikuwa nimesaga dawa ikawa unga kama wa uji. Pamba ikaziba. Karatasi ya chujio ikaziba. Saa tano taa zikakatwa, kama kawaida ya bweni. Nikakumbuka shuka langu kuukuu nililolifua na kulianika kibarazani. Nikapapasa gizani, nikavuta kitambaa cheupe, nikamimina, nikakamua kwa mikono miwili kama mtu anayechuja tui la sherehe. Nilihisi kifungo. Nikahisi na darizi. Nikajisemea, shuka za Kichina hizi zina mambo.

Kabla ya kulala nikaonja kijiko kimoja. Shubiri ni asali. Ulimi ulikufa ganzi, nikapiga mswaki mara tatu, na ule uchungu ukanisubiri mpaka asubuhi.

Asubuhi ya Ijumaa nikaamshwa na sauti ya upole kupita kiasi. "Yakhe. Kanzu yangu i wapi?"

Shuka langu lilikuwa kibarazani, jeupe, linapepea. Ndani ya beseni ilikuwamo kanzu yake aliyoiweka kwa ajili ya msikiti wa Huangcheng, ya njano kuanzia shingoni mpaka magotini, inanuka baijiu ya asilimia 60. Mstari wa chaki ulikuwa pale pale. Dumu halikuvuka kweli. Kilichovuka ni kanzu.

Nilifungua mdomo nijitetee, ulimi ukakataa. Mlango ukagongwa: ayi, mama msimamizi wa bweni, kafuata harufu ya pombe. Akachovya kidole beseni, akaonja, akakunja uso, kisha akacheka hadi akashika ukuta. Akatoa msemo wao: bubu kala huanglian, ana uchungu asioweza kuusema. Ndivyo nilivyokuwa, kwa Kichina na kwa Kiswahili.

Ustadhi alikwenda Ijumaa na suruali ya jinzi. Nilifua ile kanzu mara nne, ikafika rangi ya ndizi iliyoanza kuiva, ikagoma hapo. Nikamnunulia nyingine, na chakula cha wiki tatu nyingine kikaenda.

Mwezi ukapita hatujaongea sana. Kisha usiku mmoja akarudi kutoka kula huoguo, mchuzi unaochemka mezani huku unachovya nyama, ya ng'ombe kwa Wahui, Waislamu wa Kichina, ile ya pilipili za Sichuan zinazotoa jasho mpaka magotini. Saa nane usiku alikuwa ameshakwenda chooni mara sita. Akaja akasimama kwenye mstari wa chaki, amejishika tumbo.

"Yakhe, ile dawa yako ya njano, si ndiyo ya mambo haya?"

"Ndiyo yenyewe."

"Huna hata kidogo, kavu, nikachemshiwe kwa maji?"

Nilikuwa nayo kilo nzima, na yote imelewa.