Diski imezikwa kabla ya kufa

Tarehe 29 Septemba 2023 Netflix ilituma bahasha zake nyekundu za mwisho, ikafunga biashara ya kukodisha DVD kwa posta iliyoianza 1998. Waliokuwa na diski mkononi wakaambiwa wabaki nazo. Muda si mrefu Best Buy, yenye maduka ya elektroniki kote Marekani, nayo ikatangaza kuacha kuuza DVD na Blu-ray, diski za filamu zenye picha kali zaidi. Basi ikaonekana kwamba anayeendelea kununua diski ni mtu aliyeachwa na wakati.

Kwa hesabu, hoja hiyo ina mashiko. Mwaka 2022 DVD ziliiingizia Netflix takriban dola milioni 146, katika mapato ya dola bilioni 31.6. Hakuna mhasibu wa kukitetea kitengo kama hicho. Diski hukwaruzika, kompyuta mpya nyingi hazina pa kuitia, na filamu nyingi mtu hutazama mara moja basi.

Lakini tazama mwaka huohuo wa 2023 ulivyowatenda waliohamia mtandaoni. Mei, Disney iliiondoa Willow, tamthilia iliyoanza kuonyeshwa Novemba 2022, kwenye Disney+, huduma yake ya kutazama mtandaoni. Haikufikisha hata mwaka. Sawa, anayelipia kwa mwezi alijua amekodi.

Kisa cha Sony ndicho kisichonitoka. Mapema Desemba wenye PlayStation, mashine yake ya michezo ya video, walipata taarifa kwamba vipindi vya televisheni vya kampuni ya Discovery walivyovinunua, si kuvikodi, vingeondolewa kwenye maktaba zao ifikapo 31 Desemba, kisa mikataba ya leseni. Orodha ilipita misimu 1,300. Kurudishiwa fedha hakukutajwa. Kelele zilipozidi, kampuni zikaelewana na vipindi vikabaki, kwa walau miezi 30. Wapo waliosema yamekwisha. Yamekwishaje? Umelipa bei kamili, kisha wawili usiowajua wanakaa mezani kuamua chako utakaa nacho mpaka lini, na wakikuongezea muda unatakiwa ushukuru. DVD iliyoko kabatini haisubiri kikao cha mtu.

Ndiyo maana sikushangaa diski ya 4K, yenye picha kali kabisa, ya filamu ya Oppenheimer ilipotoka Novemba ikaisha madukani, baada ya mwongozaji wake Christopher Nolan mwenyewe kuwahimiza watazamaji waiweke rafuni kwao. Kwenye muziki dalili zilishatangulia: mwaka 2022 Marekani iliuza santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuongoza tangu 1987. Na kununua santuri hakumlazimu mtu kuacha kusikiliza mtandaoni. Anachagua tu vichache asivyotaka kunyang'anywa.

Panapobana ni kwenye michezo ya video. Alan Wake 2 ilitoka Oktoba 2023 bila diski kabisa, na aliyetaka kuimiliki alisubiri hadi Oktoba 2024, pale wenye mchezo walipokubali kutengeneza diski yake.