Jumuiya Ndogo Ndogo na Uwepo wa Mungu Mtaani Kwetu

Mkristo anayeuliza atamwona wapi Mungu katikati ya siku za kazi, huku akihangaika na usafiri, ada za watoto na mgonjwa aliyelala nyumbani, kwa kawaida huelekezwa mahali pawili: aingie kanisani akasali kimya mbele ya tabernakulo, kisanduku kinamohifadhiwa Ekaristi, au ahudhurie mkutano mkubwa wa injili ambako nyimbo na mahubiri vitamwamsha. Sipingi hata mojawapo ya mahali hapo pawili. Ninachosema ni kwamba sisi Wakatoliki wa Afrika Mashariki tulikwisha kupewa mahali pa tatu, palipo karibu zaidi na maisha ya kila siku, yaani sebule au ua wa jirani ambamo Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, kikundi cha familia jirani za Kikatoliki, hukutana kila juma, na kwamba mahali hapo tunapapoteza polepole kwa kupageuza kituo cha kuhakiki mahudhurio na kukusanya michango.

Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa ukanda huu, walipokutana Nairobi mwaka 1973, walikuwa wakipanga namna Kanisa litakavyoishi katika miaka ya 1980. Parokia zilikuwa kubwa mno, mapadre walikuwa wachache, na vigango vingi, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, vilikaa majuma kadhaa bila Misa. Lakini jibu lao halikuwa la kuziba pengo la mapadre tu. Walisema kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ambamo watu huishi na kufanya kazi siku zote, na mwaka 1976 wakaufanya ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha kichungaji kwa nchi zao. Sinodi ya Afrika, mkutano wa maaskofu wa mwaka 1994, ilipolitazama Kanisa kama Familia ya Mungu, ilizungumza jambo ambalo waamini wa Songea, Kisumu na Lilongwe walikwisha kuanza kuliishi barazani mwao.

Katika historia hiyo yupo mtu mmoja ambaye naona tumemsahau mapema mno, naye ni Christopher Mwoleka, askofu wa Rulenge, jimbo lililo kaskazini-magharibi mwa Tanzania kuelekea mipaka ya Rwanda na Burundi. Katika miaka ya ujamaa hakuridhika kuwahubiria wanakijiji mshikamano kutoka mbali, bali alikwenda kuishi na kulima pamoja nao katika kijiji cha Nyabihanga. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu haukufunuliwa ili tuutegue kama fumbo la akili, bali ili tuige maisha yake, maana Mungu mwenyewe ni ushirika wa Nafsi zinazopeana kila kitu. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu siasa ya vijiji vya ujamaa, ambayo ilikuwa na machungu yake, lakini fundisho hilo halitegemei siasa hiyo. Kama Mungu ni ushirika, basi si ajabu kwamba wengi wetu humhisi kwa nguvu zaidi pale ambapo watu wanashirikiana kwa kweli, na humkosa pale ambapo kila mtu amekaa na haja zake mwenyewe, hata kama ukumbi umejaa watu elfu.

Jambo hili linaonekana wazi katika njia ya kushirikishana Neno kwa hatua saba, iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini na kupokelewa katika jumuiya nyingi za kwetu. Mtu mmoja humkaribisha Bwana kwa maneno yake mwenyewe, pasipo kusoma sala iliyochapwa. Injili husomwa. Kisha kila anayeguswa hutaja neno au kifungu kifupi, akikirudia taratibu ili wengine wakisikie upya. Baada ya hapo hufuata kimya. Ndipo watu husema kile ambacho Neno limewaambia, bila kuhubiriana wala kusahihishana, halafu hujadili kazi ambayo jumuiya inaitwa kuifanya juma hilo, na mwisho husali kwa uhuru.

Nimekaa katika mikutano ya namna hiyo kwa muda mrefu wa kutosha kusema kwamba nguvu yake iko katika hatua mbili ambazo ndizo tunazozikata kwanza tunapoona muda umekwenda, yaani kimya na kazi. Pasipo kimya, kushirikishana hugeuka mashindano ya wasemaji hodari, na mama aliyekuja na neno moja tu moyoni huondoka nalo bila kulitamka. Pasipo kazi, Injili hubaki sebuleni viti vinaporudishwa. Lakini jumuiya inapokubaliana kwamba kesho watu wawili watakwenda kumwogesha mzee aliyepooza nyumba ya nne kutoka hapo, na wengine wawili watampelekea maji, basi siku inayofuata ndoo ya maji inabeba maneno yaliyosomwa jana yake. Hapo ndipo uwepo wa Mungu unapoingia katika siku ya kazi: kwa kuwa Neno limekwisha kufungamana na mtu fulani, nyumba fulani na saa fulani, huwezi tena kupita mbele ya mlango ule bila kulikumbuka.

Wanafunzi wawili wa Emau, katika sura ya 24 ya Injili ya Luka, walitembea na Bwana njia nzima bila kumtambua. Walimtambua mezani jioni, alipoumega mkate, akatoweka mbele yao, na ndipo walipoulizana, "Je! Mioyo yetu haikuwaka ndani yetu hapo alipokuwa akisema nasi njiani?" Mara nyingi nimewaza kwamba kila mmoja wao, kama angekuwa peke yake, angeweza kuupuuza moto ule na kuuita uchovu au huzuni ya siku tatu zilizopita. Ni kwa kuulizana ndipo walipopata hakika, na usiku uleule wakarudi Yerusalemu kuwatafuta wenzao. Uwepo wa Mungu mara nyingi hutambulikana baada ya kupita, kwa kutazama nyuma, na mwenzako ndiye anayekusaidia kutazama. Jirani anaponiambia kwamba juma lililopita, wakati mtoto wake alipokuwa amelazwa, ziara yetu fupi ilimpa nguvu ya kukesha usiku ule, ananionyesha kitu ambacho mimi mwenyewe, niliyekwenda hospitali nikiwa nimechoka na bila kuhisi chochote kitakatifu, nisingekiona kamwe.

Hili ni la muhimu kwa sababu wapo Wakristo wengi wanaoteseka kimyakimya wakidhani wameachwa na Mungu, kwa kuwa hawahisi kile ambacho wengine husimulia kwa machozi ya furaha. Mama Teresa wa Kalkuta alifariki mwaka 1997, na miaka 10 baadaye barua zake zilipotolewa hadharani, ulimwengu ulijua kwamba kwa sehemu kubwa ya utume wake alisali gizani, bila kuonja uwepo wa Mungu ambaye kila siku aliwapelekea wengine. Aliendelea kusali pamoja na masista wake na kuwahudumia walio maskini kuliko wote, na mwaka 2016 Kanisa likamtangaza kuwa mtakatifu. Sidhani kwamba tunapaswa kumwambia ndugu anayepita katika ukame kwamba imani yake ni ndogo. Tunapaswa kukaa naye, ili siku asiyoweza kusali, asikie sauti zetu zikisali kwa niaba yake.

Wamisionari Wabenedikto, waliojenga Peramiho tangu mwaka 1898 na Ndanda tangu mwaka 1906, walituletea kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo inamwagiza mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altareni. Jembe, sufuria na randa ya seremala vyote vimo humo. Wapo wanaolisoma agizo hilo kama mbinu ya mtu binafsi ya kujizoeza kumkumbuka Mungu kazini, nalo lina faida hata likitumiwa hivyo, lakini limeandikwa kwa ajili ya watu ambao kanuni ileile inawaita kusali pamoja mara saba kila mchana na tena usiku. Macho yanayoiona sufuria kuwa kitu kitakatifu yamefunzwa na zaburi zilizoimbwa pamoja na wengine. Mlei hana kengele ya monasteri, lakini ana jumuiya yake, na Rozari ya mwezi Oktoba inayohama nyumba hadi nyumba humfundisha polepole kwamba hakuna nyumba mtaani, hata iwe chumba kimoja cha kupanga, isiyofaa kumpokea Mungu.

Ndugu zetu Waprotestanti wa ukanda huu wanalijua jambo hili kwa njia yao, na ni haki kulisema. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowasha makanisa kuanzia Gahini nchini Rwanda hadi Uganda, Kenya na Bukoba, wengi huuanzia mwaka 1929 kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, ambako Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa wakasali na kusoma Maandiko pamoja. Walikuwa wawili tu, mwenyeji na mgeni, katika enzi ya ukoloni ambayo haikupenda kuwaona watu wa namna hiyo wakiketi kama ndugu. Vikundi vya ushirika vilivyotokana na uamsho ule vilidumu kwa sababu watu walikubali kuungamiana makosa yao na kutembea nuruni, na nadhani jumuiya zetu, ambazo wakati mwingine ni za adabu kupita kiasi, zingepata uhai zaidi zikijifunza kidogo kutoka kwao.

Sasa niseme wazi kinachonisikitisha. Katika parokia nyingi, mzazi anayetaka mtoto wake abatizwe, wachumba wanaotaka kufunga ndoa na familia inayotaka maziko ya Kikristo huombwa kwanza uthibitisho wa jumuiya yao. Utaratibu huo una sababu nzuri, kwani viongozi wa jumuiya ndio wanaomfahamu mtu, na padre mwenye maelfu ya waamini hawezi kumjua kila mmoja. Paa la kanisa nalo halijiezeki, na seminari haziwalishi vijana kwa sala peke yake. Lakini utaratibu huo umezaa watu wanaohudhuria ili majina yao yaandikwe, na viongozi wanaoongoza kwa daftari. Mkutano huanza kwa haraka, somo husomwa na kufafanuliwa kwa dakika chache, kisha sehemu kubwa ya muda huenda kwenye orodha ya waliotoa na wasiotoa: ujenzi wa parokia, zawadi ya jubilei, mchango wa jimbo. Majina hutajwa kwa sauti. Aliyefukuzwa kazi mwezi uliopita, mjane anayeishi kwa kuuza mboga na kijana wa kibarua husikia majina yao yakitajwa mara moja, mara mbili, na juma la tatu hawaonekani. Wanatoweka wakati uleule ambao wangehitaji zaidi kuketi katikati ya wenzao.

Jumuiya hiyohiyo, msiba unapotokea, huwa kitu kingine kabisa. Kabla hakujapambazuka wamekwisha kufika, turubai limefungwa, moto umewashwa, akina mama wameleta sufuria zao, na wengine wamekaa chini kwenye mkeka pamoja na mfiwa wasiseme lolote. Wafiwa wengi, hata wasio wa dhehebu letu, hukiri kwamba katika saa zile waliguswa na Mungu kuliko katika mahubiri yoyote. Kwa hiyo uwezo tunao. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaotaka jumuiya isusie msiba wa mtu aliyekuwa hahudhurii, ili iwe fundisho kwa wengine. Fundisho gani litakalotoka hapo, isipokuwa kwamba Mungu wetu naye hukagua mahudhurio kabla ya kumfariji mjane?

Ninayopendekeza si makubwa, wala hayahitaji waraka mpya. Mambo ya fedha yapangiwe siku yake au yashughulikiwe baada ya sala ya mwisho, mweka hazina azungumze na kila mmoja faraghani, na majina ya wasiotoa yasisomwe hadharani. Kimya kilindwe hata kama ni cha dakika tatu. Kazi ya juma itajwe pamoja na majina ya watakaoifanya, na mkutano unaofuata uanze kwa kusikia ilivyokwenda. Saa ya kukutana ipangwe kwa kuwafikiria walinzi wanaotoka zamu ya usiku, madereva wa bodaboda na wauza sokoni, kwa sababu jumuiya inayokutana saa ambayo ni wastaafu na wenye nafasi pekee wanaoweza kufika haijawa bado jumuiya ya mtaa.

Wapo pia dada wa kazi. Katika nyumba nyingi zinazopokea jumuiya, msichana anayefagia ua alfajiri, anayepanga viti na kuchemsha chai, hubaki jikoni wakati Neno linaposomwa, ingawa amebatizwa na amepata kipaimara kama sisi, na mara nyingi yuko mbali na wazazi wake kuliko mtu yeyote aliyeketi sebuleni. Haandikwi katika daftari la familia, kwa hiyo akihitaji uthibitisho wa jumuiya hakuna anayemjua. Naomba wenye nyumba waizime chai kwa saa ile moja, wamwite akae nasi, na zamu ya kusoma Injili ikimfikia apewe kitabu asome, kisha tumsikilize anapotuambia ni neno gani limemgusa.