Kabla Hujalipia Baiskeli ya Changarawe, Pima Nafasi ya Tairi

Fremu ya baiskeli ina mambo mawili ambayo hakuna fundi wa kukubadilishia: saizi yake, na nafasi iliyoachwa kwa ajili ya tairi. Gia zinabadilishwa, breki, usukani, kiti, hata rimu. Hayo mawili ukishayalipia, umeyalipia. Ndiyo maana huniuma nikiona mtu hapa Mombasa anatoa pesa nzuri kwa baiskeli ya mtumba kwa sababu ina jina kubwa na gia nyingi, kisha anakuja kugundua kwamba haiingii tairi yoyote pana kuliko ile iliyokuja nayo.

Hamu ya baiskeli hizi za changarawe, yaani za kupita barabara zisizo na lami, naielewa. Mbio za Migration Gravel Race zilianza kule Maasai Mara mwaka 2021, na marehemu Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli wa Kenya, na wenzake wa timu ya Team Amani walituonyesha kwamba Mkenya ana mahali pake katika mchezo huu. Kangangi alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, na kazi aliyoianza haikuzikwa naye. Lakini baiskeli iliyomfaa mtu Mara si lazima ikufae wewe Kisauni.

Tuanze na tofauti inayowachanganya wengi, ile ya baiskeli ya saiklokrosi na ya changarawe. Mbio za saiklokrosi huchukua kama saa moja hivi, kwenye matope ya baridi ya Ulaya, mpandaji akishuka na kuibeba baiskeli begani panaposhindikana. Kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, zinaweka kikomo cha tairi kuwa milimita 33, kwa hivyo fremu nyingi za zamani za mchezo huo hukubali 35, au 38 kwa kubana. Baiskeli ya changarawe imeundwa kwa safari ya kutwa nzima: ndefu kidogo, imetulia barabarani, na nyingi za siku hizi zinachukua 45 hadi 50. Zikiwa zimefungwa tairi nyembamba za lami, kwa macho hutazijua ipi ni ipi.

Basi nenda na alenki mbili (vile vifunguo vya pembe sita) mfukoni, ya milimita 4 na ya 6. Soma upana wa tairi ulioandikwa ubavuni, kisha pitisha alenki kati ya tairi na fremu, pale nyuma karibu na krenki (mikono ya pedali) ambapo ndipo panapobana zaidi, halafu kwenye uma wa mbele. Ya 4 isipopita, hakuna mazungumzo. Tuseme tairi ni 32 na kila upande pana nafasi ya milimita 8: utafunga 40 na bado utabaki na 4 kila upande. Jihadhari tu kwamba tairi iliyoandikwa 40 huweza kuvimba ikafika 42 kwenye rimu pana, na ile 4 yako ikawa 3.

Kwa nini ning'ang'anie upana? Tazama tunapopita. Ukiacha lami ya Bamburi au Shanzu ukaingia ndani, ni mchanga. Ukielekea Mazeras na Rabai, ni udongo mwekundu uliochanganyika na mawe. Na karibu na bahari kuna mawe ya matumbawe yenye ncha, yanayochana ubavu wa tairi kabla hujajua umeyakanyaga. Watu hudhani dawa ya njia kama hizi ni tairi yenye meno makubwa. Sivyo. Mchanga hautaki meno, unataka tairi pana yenye upepo wa wastani, ipite juu badala ya kuzama. Meno makubwa utayaburuza kwenye lami yote ya kwendea na kurudia, yakivuma na kuisha. Chaguo langu ni tairi ya 40 iliyo laini katikati, yenye vijino vidogo pembeni, na ubavu mzito hata kama inaongeza gramu mia. Wakati wa masika hali hugeuka: udongo wa Rabai ukilowa hushika tairi na kujaa kwenye uma mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na hapo ile nafasi uliyoiacha ndiyo inayokufikisha nyumbani.

Upepo nao. Mafundi wetu ni hodari, lakini wengi wana desturi ya kujaza mpaka kidole kisibonyee kabisa. Kwenye lami safi haidhuru sana. Kwenye mawe, tairi ngumu hukurusha juu kila inapogonga, na nguvu uliyoitoa miguuni inaishia kukutikisa mwili badala ya kukusogeza mbele. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi ya 40 yenye tyubu aanze na psi 40 nyuma na 36 mbele, kisha apunguze mbili mbili mpaka aridhike. Ukishuka mno, jiwe litaibana tyubu dhidi ya rimu na utaikuta na matundu mawili yaliyokaa sambamba. Hiyo ni ishara ya upepo mdogo, wala si mwiba. Nunua pampu yenye geji kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kuhusu tyublesi, yaani tairi isiyo na tyubu inayotiwa dawa ya kuziba matundu, nasema hivi: kama unapita upande wa Mariakani kwenye miiba, inafaa, na utaweza kushusha upepo psi 5 zaidi. Lakini joto letu hukausha ile dawa ya kuziba. Fungua uangalie kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa mtu wa mjini, tyubu na viraka vinatosha.

Kuna jambo moja la madukani ambalo lazima lisemwe. Ukiomba tairi ya inchi 28, unaweza kupewa ya Black Mamba, ambayo rimu yake ni milimita 635. Baiskeli nyingi za changarawe na saiklokrosi hutumia 700C, yaani 622, na baadhi ya tairi za 622 nazo zimeandikwa 28. Tofauti ya milimita 13 haionekani tairi ikining'inia ukutani, lakini haitakaa kwenye rimu yako hata ufanyeje. Kuna na 650B, ambayo ni 584. Achana na inchi kabisa. Soma zile namba mbili ubavuni, kwa mfano 40-622: ya kwanza ni upana, ya pili ni rimu. Mwonyeshe muuzaji hiyo ya pili.

Vifaa vingine nitavipitia haraka. Saiklokrosi nyingi huja na krenki ya meno 46/36 na kaseti (gia za nyuma) ya meno 11-28, mzigo mzito kwa magoti ukipanda Kwale kutoka Kombani jua likiwa kichwani. Weka 34 mbele na kaseti ya 11-34, ilimradi kibadilisha gia cha nyuma kiwe na mkono mrefu wa kutosha, na pedali zikizunguka mara moja gurudumu nalo litazunguka mara moja. Spidi 9 au 10 ni rahisi kupatia cheni kuliko 12. Kwa breki napenda diski za waya, kwa kuwa waya hurekebishwa popote.

Adui wetu halisi ni chumvi. Nguzo ya kiti ya aluminiamu ikikaa ndani ya fremu ya chuma bila grisi, hewa ya bahari huzigandanisha zisitoke tena. Ichomoe hapo hapo mbele ya muuzaji. Ikigoma, iache baiskeli yenyewe. Na ukiendesha ufukweni maji yakipwa, suuza kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, kausha, tia mafuta cheni.

Sasa saizi, na hapa ndipo wanunuzi huonewa zaidi. Mtu wa sentimita 168 anapewa fremu ya 58 na kuambiwa, "Teremsha kiti tu, bosi." Kiti kitateremka, ndiyo. Lakini usukani utabaki mbali vile vile. Stemu (kile kiungo kinachoshika usukani) ya milimita 110 ukiibadilisha kwa ya 80 umeuvuta usukani sentimita 3, na fremu yenyewe huenda imekuzidi kwa 5. Utaendesha ukiwa umejinyoosha, vidole vikifa ganzi kabla hujafika Mtwapa. Kwa urefu huo tafuta 52 au 54. Kisha weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu pana ya wayo, goti litapinda kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Nyonga zikiyumba huku na huku, kiti kiko juu. Wanawake huonewa maradufu, kwa sababu mbali na fremu huuziwa usukani wa sentimita 44 wakati mabega yao ni ya 38 au 40.

Ninawaomba wauzaji wa mitumba mnaoweka matangazo: rangi tunaiona kwenye picha, na gia tutazihesabu wenyewe. Tuandikieni saizi ya fremu kwa sentimita na tairi pana kuliko zote inayoingia, mbele na nyuma.