Glaida ya Kilomita 22: Je, Mtu Alihitajika Huko Juu?

Watu wa hali ya hewa wanapoachilia puto lao pale Dagoretti Corner, Nairobi, hupaa jeupe, likapungua hadi kitone, kisha macho yakalipoteza. Puto la aina hiyo huweza kupita kilomita 30 kabla ya kupasuka, likiwa limebeba kifaa kidogo tu cha kupima. Ndiyo maana rekodi ya Perlan 2 inanisumbua.

Hii ni glaida, ndege isiyo na injini, iliyoundwa Marekani kwa ufadhili wa Airbus. Septemba 2018, Jim Payne na Tim Gardner walipanda nayo kutoka El Calafate, Argentina, wakapita mita 22,000. Lengo lilikuwa mita 27,000. Upepo ukiigonga milima ya Andes, hewa huinuka na kushuka kama mawimbi ya bahari. Majira ya baridi, upepo mkali unaoizunguka ncha ya kusini huyafikisha mawimbi hayo hadi stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya lile la mawingu. Glaida huyapanda jinsi mwewe anavyopanda hewa ya moto juu ya mabati ya Kawangware.

Wanaopinga kumpeleka mtu huko juu wana hoja nzito. Kuanzia takriban kilomita 19, presha ya hewa ni ndogo hivi kwamba maji huchemka kwa joto la mwili wa binadamu. Mwaka 2006, Steve Fossett na Einar Enevoldson walipita mita 15,000 wakiwa na Perlan 1, glaida iliyotangulia, tena ndani ya mavazi mazito ya presha. Katika Perlan 2, chumba chote cha marubani kimezibwa na kujazwa hewa. Uzito huo, gharama hiyo na hatari hiyo ni kwa ajili ya watu wawili. Vipimo havimhitaji mtu. Rekodi ndiyo inayomhitaji.

Hata hivyo, puto huenda upepo unakotaka. Glaida hulikata wimbi, ikageuka, ikalikata tena, halafu ikatua na vifaa vyake vyote, bila moshi wa injini kuchafua sampuli. Na mhandisi hujifunza bawa linavyofanya kazi mahali ambapo presha ya hewa haifiki asilimia 5 ya ile ya Mombasa. Kwangu mimi, faida hiyo inaishinda rekodi yenyewe.

Hapa ikweta hatuna upepo ule wa ncha, kwa hiyo kuiga Argentina ni kazi bure. Vijana wa uhandisi jijini wakiniuliza, nitawaambia waunde glaida ndogo isiyo na rubani, ipandishwe na puto kama lile la Dagoretti, kisha irudi yenyewe na vipimo badala ya kuangukia shamba la mtu.