Tusihesabu Watalii, Tuhesabu Kinachobaki

Waziri wa utalii katika nchi inayoendelea akipewa kipaza sauti, hakosi kutaja idadi ya wageni walioingia mwaka jana. Mimi takwimu hiyo hainibabaishi. Mtalii aliyelipia kila kitu huko kwao, akaja na ndege ya kwao, akalala hoteli ya mwekezaji wa kwao na kula nyama iliyoletwa kwa meli, amefika kweli. Pesa zake nyingi hazikufika.

Gambia ililiona hilo mapema. Mwaka 1999 ilipiga marufuku vifurushi vya kulipia kila kitu, kwa sababu mgeni mwenye chakula na vinywaji vya bure hotelini hana haja ya kutoka nje ya geti. Marufuku hiyo haikudumu; kufikia mwisho wa mwaka 2000 ilikuwa imeondolewa. Nchi ndogo inayotegemea kampuni chache za Ulaya kuletewa wageni haina ubavu wa kuzipangia masharti.

Maldives imenipa matumaini zaidi. Tangu hoteli ya kwanza ya kitalii ifunguliwe mwaka 1972, watalii walitengewa visiwa vyao na wananchi wakabaki kwenye vyao. Mwananchi aliingia kisiwa cha watalii kama mfanyakazi tu. Tangu mwaka 2009, sheria imeruhusu nyumba za wageni kwenye visiwa wanakoishi watu, na familia ya kawaida ikaweza kupangisha vyumba na kuwapeleka wageni kupiga mbizi. Najua mabadiliko hayo yana kero zake: taka zimeongezeka, na wazee hawafurahii mavazi ya baadhi ya wageni. Bado naona ni afadhali kero hizo kuliko kutazama utajiri kwa mbali ng'ambo ya maji.

Rwanda nayo hutenga asilimia 10 ya mapato ya hifadhi zake kwa jamii zinazozizunguka. Ni jambo jema, ila mgawo wa serikali si sawa na mtu kuwa na biashara yake.

Kuhusu ajira sina mengi. Zipo, na kwa kijana asiye na shahada tasnia ya ukarimu ni mlango wa kweli. Lakini nyingi ni za msimu, na mwaka 2020 mipaka ilipofungwa vibarua ndio walioanza kurudishwa nyumbani.

Pesa kubwa iko stoo ya jikoni. Hoteli haiagizi nyanya nje ya nchi kwa chuki. Mpishi anataka ubora uleule kila wiki, kiasi kilekile, na risiti. Mkulima mdogo ana nyanya nyingi mwezi huu na mwezi ujao hana hata moja. Tena hoteli humlipa mwuzaji baada ya mwezi au miwili, na mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa hawezi kusubiri, basi anamwuzia dalali kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo serikali ingeingia: ghala la baridi, ushirika wa kukusanya mazao, na mkopo wa kumlipa mkulima siku anayoleta mzigo. Na mwekezaji anayeomba msamaha wa kodi aonyeshe kwanza mwaka huu amenunua nini ndani ya nchi, na kwa nani.