Mimi Sina Wivu, Nina Presha

Tuelewane mapema: mimi sina wivu. Marehemu mama alikuwa akisema moyo wa mwanangu huyu mweupe kama tui zito. Kwa hiyo asinitazame mtu vibaya nikisema taa ya sola ya jirani yangu Baba Shufaa inaniua.

Ameifunga juzijuzi, juu ya geti. Geti lenyewe silisemi, halinihusu, ingawa wale simba wawili wa rangi ya dhahabu sijui wanalinda nini humo ndani. Lakini taa ile haimuliki getini. Inamulika dirishani kwangu, tena upande wa mto wangu. Saa nane usiku nipo macho nahesabu matundu ya misumari kwenye bati, yote yanaonekana. Na mtu huyu alipohamia mtaani alikuja na godoro moja, ndoo mbili na redio ya kuazima. Redio ilikuwa yangu! Leo ana kisima na tangi la lita 2,000. Siku zetu zile za maji kukatika, mke wangu anakwenda kwake na ndoo, anarudi anaimba. Anaimba!

Siku ya tatu kisogo kikaanza kunigonga. Mke wangu, Mama Zuhura, kajifunga kanga ya "Hasidi hana sababu", maandishi kayaelekeza kwangu, akasema, "Nenda kapime. Ukirudi pitia gengeni, nyanya zimeisha."

Pale duka la dawa la njiapanda kuna binti mwenye taratibu zake. "Baba, kaa dakika tano kwanza. Egemea kiti, miguu yote chini, usikunje nne. Kama una haja ndogo nenda kabisa. Na nikianza kupima, usiongee." Nikakaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Akanifunga kile kitambaa, mkono ukaegeshwa mezani usawa wa moyo, upepo ukaanza kujaa. Nimetulia. Nawaza upepo wa asubuhi pale Kunduchi. Mara mlangoni:

"Shikamoo kaka!"

Sauti ile naijua hata usingizini, huo usingizi wenyewe ningeupata.

Sasa niambieni nyie wenye busara, mtu unafanyaje? Shikamoo haiachwi ikaning'inia. Nikinyamaza, kabla ya magharibi mtaa mzima utasema nina roho ya kwa nini. Nikijibu, naharibu kipimo, na binti keshaweka kidole mdomoni. Nikaamua kujibu kwa nyusi. Nikazipandisha polepole, kwa heshima zote, mara nne, silabi kwa silabi: ma-ra-ha-ba. Hakuelewa. Akasogea, akanishika bega, akanikaribia sikioni: "SHIKAMOO KAKA! Unaumwa?"

"MARAHABA!"

Mashine ikalia. 168 kwa 104.

Binti akaitazama mashine, akanitazama mimi. "Baba, ikifika 140 kwa 90 hiyo tayari imepanda. Una mawazo?" Mawazo nilikuwa nayo moja tu, yamesimama nyuma yangu yamevaa kanzu, lakini nikajibu sina.

"Hebu na mimi nipimwe," akasema Baba Shufaa. Hakukaa dakika tano. Kakunja nne, simu sikioni, anabishana na fundi habari ya vigae. Mashine ikalia kwa adabu: 116 kwa 74.

Hata presha! Jamani, mtu ana kisima, ana geti, ana mashavu, na presha nayo ampate nzuri kuliko mimi? Tena akaomba aandikiwe kwenye karatasi. Halafu akanilipia na kipimo changu, 1,000, bila kuniuliza. Binti akasema anirudie kunipima labda imeshuka. Ikaja 174.

Nikampigia mpwa wangu anayesomea udaktari. Akasema, "Mjomba, mwili hautofautishi jirani na simba." Eti roho ikikuuma, kuna vitezi vimekaa juu ya figo kama kofia, vinamwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, ini linatoa sukari kwenye damu upate nguvu za kukimbia. Nikamuuliza nikimbilie wapi, na hiki ndicho kiwanja pekee nilichonacho? Akasema shida ndiyo hiyo: simba anapita, ukinusurika mwili unatulia. Jirani hapiti. Na mimi simba ninao, wawili, wa dhahabu.

Nikasema basi angalau vidonda vyangu vya tumbo nimkabidhi Baba Shufaa. Mpwa akanikatalia. Vingi chanzo chake ni bakteria, na dawa za maumivu tunazobugia ovyo. Kuna daktari wa Australia, Barry Marshall, mwaka 1984 aliwakoroga bakteria hao akawanywa mwenyewe, tumbo likamchafuka kweli. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel. Mimi nakunywa maji ya dumu miaka 20, hata barua ya serikali ya mtaa sijawahi kupewa.

Akaniongezea kwamba kuna moyo unaovimba ghafla kwa mshtuko. Wajapani wameuita takotsubo, chungu cha kutegea pweza, kwa vile unafanana nacho. Na si huzuni tu, hata furaha kubwa huweza kuuleta. Furaha tusiihofie, hilo moja tumesalimika.

Nimeambiwa nipunguze chumvi, nirudi kwa daktari, na nitembee dakika 30 kila jioni. Nitembee wapi? Mtaani kwetu penye unafuu ni mbele ya geti lake tu, amemwaga kifusi, na kuna mwanga. Jana nimepita pale mara nne, mikono nyuma, kama mkaguzi. Mara ya tano katoka mtoto wake.

"Shikamoo baba mkubwa. Baba anasema ukimaliza kuzunguka uingie upimwe. Tumenunua mashine."

Nikamwambia marahaba, nawahi nyanya. Na kweli nilikuwa nimezisahau tangu juzi. Nafika gengeni, fungu limekuwa nyanya tatu, na moja imebonyea. Namuuliza yule mama fungu la nne nne limekwenda wapi, ananiambia kubwa kubwa zote kachukua Baba Shufaa, tenga zima.